Kutofautisha mzingo na eneo la duara

Dada, umesema mwanao wa darasa la saba kila akikuta duara anachanganya kanuni ya mzingo na ya eneo. Usimkaririshe upya. Mwambie aangalie vipimo: mzingo ni urefu, jibu lake ni sentimita, eneo ni sentimita za mraba, kwa hiyo lazima nusukipenyo (r) kizidishwe kwa chenyewe. Kanuni yenye r × r ndiyo ya eneo, basi.

Akiuliza imetoka wapi, mpe karatasi na mkasi. Akate duara vipande vyembamba 16 kuanzia katikati, avipange kimoja ncha juu, kingine ncha chini. Vitakaribia mstatili: upana ni r, urefu ni nusu ya mzingo (2πr), yaani πr; π ni pai, takriban 22/7 au 3.14. Zidisha, unapata πr². Mimi naona zoezi hili linashinda wiki nzima ya kukariri.

Kinachowaangusha wengi ni nusu duara. Kipenyo kikiwa sm 14, upinde ni ½ × 22/7 × 14 = sm 22. Mtoto anaandika 22, anafunga daftari! Mzingo unazunguka umbo zima, kwa hiyo aongeze ule mstari ulionyooka: 22 + 14 = sm 36. Eneo halina nyongeza hiyo: ½ × 22/7 × 7 × 7 = 77, sentimita za mraba.

Halafu apigie mstari neno "kipenyo" au "nusukipenyo" kabla hajaanza kukokotoa. Namba zikigawanyika kwa 7, 22/7 inarahisisha. Vinginevyo atumie 3.14, ila swali likitaja thamani ya pai, afuate hiyo.