Uliyeniuliza kuhusu pua na kidevu, majibu yako haya hapa

Jumanne usiku nimetoka Sinza kumpamba bibi harusi mtarajiwa, miguu inawaka moto, nikafungua meseji zenu. Mmoja ni binti wa miaka 24, anakaa Tabata. Alinitumia picha mbili za uso wake zilizochorwa na programu ya simu mistari myekundu, ya kulala na ya kusimama, na chini yake alama ya uzuri aliyopewa: asilimia 61. "Dada, naolewa Desemba. Pesa ninayo. Nianze na pua au kidevu?"

Usingizi ukakata. Swali hilo nililiuliza mimi mwaka 2019, karibu kwa maneno hayohayo, nikiwa na milioni sita za kikoba na hasira ya miaka mitatu kifuani.

Hasira ilianzia hapa. Mwaka 2016 nilikuwa na mchumba. Kwenye kichen pati ya dada yake, Mbezi Beach, simu ikawa inapita mkono kwa mkono watu wanatazama picha. Wifi yangu mtarajiwa akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Huyu pua inaingia kwanza, mwenyewe anafuata." Wakacheka. Nikacheka na mimi. Uchumba ulikuja kuvunjika kwa mambo mengine kabisa ambayo leo siyaingii, lakini sentensi ile haikuondoka. Nyumbani kwetu walikuwa wakiniita Kitumbua tangu mdogo, na halikuwahi kuniuma, maana babu yangu anayo pua hiyohiyo na ukoo mzima tunajulikana kwayo. La yule dada liliniuma kwa sababu alilisema mbele ya watu niliotaka wanipende.

Kazi yangu ni nyuso. Nasimama nyuma ya mteja, mbele yetu kioo, kuanzia alfajiri. Kwa miaka mitatu, kila nilipoinua macho kwenye kioo niliiona pua kwanza.

Kipindi cha kuweka akiba nakiruka, kila aliye kwenye kikoba anakijua. Nifike kliniki ya kwanza. Nilipokewa vizuri, maji ya baridi, kiti laini. Kijana aliyevaa koti jeupe akanipiga picha kwa simu, ameishika karibu na uso wangu kama mtu anayetaka kunong'ona, kisha akaichora mistari mbele yangu. Akasema uso mzuri hugawanyika mafungu matatu sawa kuanzia nywele hadi kidevu, na matano sawa kwa upana, na pua haitakiwi kuzidi nafasi iliyo kati ya macho mawili. Yangu ilizidi. Dakika kumi tu, nikawa nimeandikiwa fila, yaani sindano ya jeli ya kujaza, ya mgongo wa pua ili uinuke, ya kidevu ili kitokeze, na ya midomo ambayo hata sikuitaja. Kulikuwa na ofa kama ningelipa siku hiyo.

Ningelipa. Naliandika hili bila kuficha, ningelipa. Kilichonitoa pale ni simu ya mteja: sendofu ya jioni Ubungo ilikuwa imesogezwa mbele, bibi harusi analia. Nikasema nitarudi kesho.

Jioni ile mpiga picha, mtu niliyefanya naye kazi mara nyingi, aliniona nimenuna akaniuliza. Nikamwonyesha picha yenye mistari. Hakunipa pole. Alinisimamisha ukutani, akanipiga picha moja kwa simu yangu akiwa karibu, ya pili kwa kamera yenye lenzi ndefu akiwa hatua tatu nyuma. Akaziweka sambamba. Zilikuwa pua mbili. Ya kwanza imetanuka, masikio yamekimbilia nyuma. Ya pili ni pua ya babu, imekaa mahali pake, na uso mzima umetulia.

Wapiga picha wanalijua jambo hili siku zote, na sisi wapambaji tulipaswa kulijua. Kitu kilicho karibu na lenzi hukua, na kwenye uso pua ndiyo iliyo karibu. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walilipigia hesabu: picha ya sentimita 30, yaani umbali wa selfi, huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 zaidi ya inavyoonekana kutoka mita moja na nusu. Sasa fikiria mtu amekaa kitandani usiku anapiga selfi, anaipeleka kwenye programu, programu inampa alama, na asubuhi anatafuta wa kumkata.

Na hiyo rula yenyewe ni ya nani? Yale mafungu matatu na matano ni kanuni za wachoraji na wachongaji wa Ulaya wa zamani. Mwaka 1985 daktari Leslie Farkas wa Kanada na wenzake walizichukua wakazipima kwa vijana weupe wa Amerika Kaskazini, na wengi hawakutosha kwenye kanuni kadhaa kati ya hizo. Weupe wenyewe! Na ile barakoa ya uwiano wa 1.618, yaani mchoro wa mistari unaowekwa juu ya picha ya uso kuupima, ilitengenezwa na daktari Mmarekani, Stephen Marquardt, na wataalamu waliomkosoa walisema inaelekea sura za wanawake wa Kizungu, tena wanamitindo. Mtoto wa Tabata mwenye pua ya kwao akipewa asilimia 61 na rula za namna hiyo, rula ndiyo ya kulaumiwa.

Sikurudi kliniki ile. Baada ya wiki kama tatu nilikwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji, mtu mzima mwenye mvi, kwenye hospitali nyingine. Huyu simu hakuigusa. Alinikalisha ubavu, akasema uma meno, tabasamu, tazama mbali. Kisha akanishika masikio na kutazama nyuma ya ndewe. Kwenye tundu moja la hereni nina kovu dogo lililovimba, sikuwahi kulijali. Akasema, "Binti yangu, ngozi hii ina keloidi. Nikikukata kwenye mbawa za pua, kovu linaweza kuvimba hivihivi, na hapo huwezi kulifunika kwa nywele."

Halafu akaniambia jambo ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kuliona mwenyewe. Taya langu la chini limekaa nyuma kidogo. Kidevu kikirudi nyuma, pua inaonekana imesonga mbele hata kama ni ya kawaida. Alinikinga kidevu kwa kiganja, nikajitazama ubavu kwa vioo viwili. Pua ikapungua bila kuguswa. Akaongeza kwamba pua iliyofanyiwa upasuaji hubaki na uvimbe unaopungua polepole, na umbo lake la mwisho hulioni mpaka kama mwaka upite. Akanituma nyumbani, nirudi baada ya miezi sita kama bado nataka.

Nilikasirika. Nililia ndani ya daladala mpaka Mwenge, mama mmoja akanipa leso akidhani nimefiwa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta ndiyo, nikapewa subira.

Miezi ile sita niliitumia kazini. Nilianza kuwatazama mabibi harusi kwa jicho jipya, na nawaambia, mafungu ya uso tunayahamisha kila Jumamosi. Shusha wigi kidogo, paji linapungua. Gawa nywele ubavuni badala ya katikati, pua haioneshwi tena na ule mstari kama mshale. Nyusi zilizonyolewa nyembamba hulifanya paji kuwa uwanja. Kivuli chepesi cha kontua chini ya taya na mwanga kidogo kwenye ncha ya kidevu, ubavu unabadilika. Kama mambo haya ya dakika kumi yanakutosha, kwa nini uanze na kisu?

Mimi hayakunitosha kabisa, nisiwadanganye. Mwaka 2021 nilirudi kwa daktari wangu, akanielekeza kwa mwenzake, nikachomwa fila ya kidevu. Ile ya asidi ya haialuroniki, inayoweza kuyeyushwa kwa dawa mambo yakiharibika. Nilipendeza. Nasema kwa kifua mbele, nilipendeza, na kwa karibu mwaka mzima sikukwepa picha ya ubavu hata moja. Mama pekee ndiye aliyeona kitu, akaniuliza kama siku hizi nalala vizuri. Fila ilipoisha yenyewe, nilijitazama nikaona siihitaji tena. Pua sikuigusa.

Basi mdogo wangu, nisikilize. Usichague kiungo kutoka kwenye selfi. Uso ni majirani, ukimwona mmoja mkubwa angalia kama jirani yake si mdogo. Muulize atakayekuchoma jina lake kamili, kisha ukahakikishe amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize kama ile dawa ya kuyeyusha anayo palepale chumbani, si dukani. Na fila ya pua iogope kuliko zote. Mishipa ya damu ya pua imeungana na inayolisha jicho, fila ikiingia mshipani inaweza kuua ngozi au kupofusha. Kijana wa koti jeupe hakuniambia hilo, na alikuwa tayari kunichoma mchana uleule. Tazama nyuma ya masikio yako kama una kovu lililovimba. Na usichague kiungo kutoka kwenye selfi, nalirudia kwa sababu najua utaipiga nyingine ukimaliza kusoma.

Huna haja ya kujificha pia. Upasuaji wa urembo siku hizi unafanyika hata Mloganzila, hospitali ya umma, mchana kweupe. Mwenye kliniki ya ghorofani isiyo na bango, anayekuharakisha kwa ofa, ana sababu zake za kukuharakisha.

La mwisho ni gumu. Wapo watu ambao kasoro wanayoiona inawala saa nzima kila siku, kila kioo, kila dirisha la gari, na wenzao hawaioni. Huo ni ugonjwa unaotambulika, una tiba yake ya mazungumzo na dawa, na kwa wengi wao kisu hakiwatulizi, wanahamia kiungo kingine. Mimi nilikuwa nimeusogelea mpaka wake. Kama nawe uko huko, nenda kwa mtu wa afya ya akili kabla ya mtu wa sindano, na usione aibu. Dhambi ni ya aliyekucheka, si yako uliyechekwa.

Na harusi ikiwa Desemba, sasa si wakati wa kujaribu kitu kipya usoni. Mume mtarajiwa alikuchumbia na pua hiyo.

Picha zako mbili nimezifuta. Nitumie nyingine: simu aishike mtu mwingine, asimame hatua tatu kutoka kwako, mwanga utoke dirishani, nywele nyuma, meno yaumane. Moja ya mbele, moja ya ubavu, bila mistari. Jumamosi nina bibi harusi Kigamboni, nitazitazama Jumapili nikitoka kanisani.