Mwanga hauvunjiki "mara mbili"

Swali: "Mwalimu, nasoma fizikia hapa Lubumbashi. Kazi yangu ya kumaliza masomo ni programu ya kompyuta inayofuata njia ya mwanga ndani ya fuwele kimiminika, kama zile za ekra ya simu. Kwa Kifaransa sina shida. Nyumbani niliita kazi hiyo 'uigizaji wa mwanga unaovunjika mara mbili', na mjomba akauliza: 'Teatre inaanza saa ngapi?' Nimekosea wapi?"

Jibu: Mjomba ana haki ya kuuliza, ila amelishika kosa dogo akaliacha kubwa. Kubwa ni hilo "mara mbili".

Ukiniambia sahani imevunjika mara mbili, nitaelewa kwamba ilivunjika, mkaiunganisha kwa gundi, ikavunjika tena. Kama ilianguka siku moja tu ikaacha nusu mbili, basi imevunjika vipande viwili. "Mara" huhesabu matukio, haihesabu yaliyobaki sakafuni. Sasa tuache sahani, tutazame fuwele ya jiwe. Mwaka 1669 Rasmus Bartholin, mwanachuoni wa Denmark, alieleza jiwe angavu la kutoka Iceland, aina ya kalsiti, linaloonyesha kila kilicho chini yake kikiwa viwili. Liweke juu ya herufi moja, utasoma mbili. Lizungushe taratibu: herufi moja inatulia, nyingine inaizunguka. Mwale umeingia mmoja, imetoka miwili. Hiyo mara ya pili iko wapi?

Na "kuvunjika" nako kumetoka Kilatini, kukapitia Kifaransa hadi kwenye daftari lako. Tia kijiko ndani ya glasi ya maji, hata mtoto atakuambia kimepinda. Mwanga nao unapinda. Kwa hiyo andika: mwanga unagawanyika miale miwili, kila mmoja ukipinda kivyake. Ukihitaji jina fupi, mimi ningechagua "mpindo pacha", kwa sababu pacha hawa huzaliwa pamoja lakini hawaendi mwendo mmoja. Katika kalsiti, fahirisi ya kupinda, yaani namba inayoonyesha mwanga unavyopunguza mwendo ndani ya kitu, kwa mwale mmoja ni 1.658, ya mwingine 1.486, na penye fahirisi kubwa mwanga huenda polepole zaidi. Yuko Mbuyi anayetangulia na Kabanga anayefuata, kama pacha wanavyoitwa katika nyumba nyingi za Waluba hapa mjini. Kuchelewa kwa Kabanga ndiko programu yako inakohesabu: tofauti ya fahirisi ikiwa 0.1, na tabaka likiwa na unene wa mikromita 5, anaachwa nyuma nanometa 500, yaani wimbi zima la mwanga ulio kati ya buluu na kijani.

Tumrudie mjomba. "Kuiga" na "kuigiza" ni ndugu wa tumbo moja, na huwezi kushitakiwa kwa kutumia mojawapo. Lakini "kuigiza" kumeshahamia jukwaani pamoja na mwigizaji na maigizo yake, na katika mji uliocheka miaka mingi na kundi la maigizo la Mufwankolo, mzee angewaza nini kingine? Chukua "uigaji". Hata huo una tatizo lake: katika "uigaji wa mwanga", mwanga unaiga au unaigwa? "Wa" haisemi. Kitenzi kinasema: "kuiga kwa kompyuta jinsi mwanga unavyopita". Ni maneno mengi zaidi, najua, na wakubwa wako wa chuo watataka nomino moja ya kubandika kwenye jalada. Wape "uigaji" jaladani, ndani uendelee na kitenzi.

"Fuwele kimiminika" umeliandika vizuri. Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani, mwaka 1889, alitumia Kijerumani chenye maana ya fuwele zinazotiririka, fuwele ikiwa ndiyo nomino kuu, kama ulivyofanya wewe. Ila kwenye wingi usiniletee "fuwele vimiminika". Bata mzinga wakiwa kumi bado ni bata mzinga.

Usije tu ukaogopa "mara" popote uionapo. Kwa njia aliyoitoa mwanafizikia wa Marekani R. Clark Jones mwaka 1941, fuwele hukatwa, kwenye hesabu tu, kuwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hupewa jedwali lake la namba nne. Mwanga hupitishwa tabaka kwa tabaka, kila jedwali likizidishwa na kile kilichotoka kwenye tabaka lililotangulia. Ukikata tabaka mia moja, unazidisha mara mia moja, moja baada ya nyingine. Hapo "mara" yako ni halali kabisa.