Swali la Lugha: Kazi za Piranesi ni Michoro, Nakshi au Chapa?

Swali: Ninatafsiri maelezo ya maonyesho ya kazi za Giovanni Battista Piranesi, Mwitalia aliyesifika kwa picha za majengo na magofu ya Roma. Mwenzangu ameziita "michoro", mimi nimeandika "nakshi", na mhariri anataka "picha za kuchonga". Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu msomaji, kila mmoja wenu amegusa upande wa kazi hiyo, lakini hakuna aliyekitaja kitakachotundikwa ukutani, nacho ni karatasi iliyopigwa chapa.

Piranesi (1720–1778) alitumia bamba la shaba nyekundu lililopakwa utando wa nta. Alichora kwa sindano juu ya nta, na kila ilikopita sindano shaba ilibaki wazi. Bamba lilipotiwa tindikali, sehemu hizo zililiwa kama kutu ilavyo chuma, zikawa mifereji myembamba. Kisha nta iliondolewa, wino ukapakwa na kufutwa hadi ukasalia mferejini tu, na karatasi yenye unyevu ikabanwa juu ya bamba kwa nguvu nyingi ili iunyonye wino huo.

"Nakshi" haifai. Ni neno lililotoka katika Kiarabu, na msomaji wetu akiliona hukumbuka milango ya Unguja na Lamu, yaani urembo uliotiwa juu ya kitu kingine. "Kuchonga" nako kungefaa kwa vibao vya mbao vya kupigia chapa alivyovitumia msanii Mjerumani Albrecht Dürer, au kwa bamba linalokatwa moja kwa moja kwa chuma chenye ncha, ambapo mkono ndio ukatao. Hapa aliyekata ni tindikali.

"Michoro" ina hoja nzito zaidi, kwa kuwa "chora" katika kamusi za zamani ni kutia alama kwa ncha kwenye kitu kigumu, na ndivyo sindano ilivyofanya. Hata hivyo, leo mchoro ni kile kilichotoka mkononi mwa mchoraji moja kwa moja, na Piranesi aliacha michoro ya namna hiyo pia, mkusanyiko wake mkubwa ukiwa katika maktaba ya Morgan, New York. Mkiita vyote michoro, mtavitofautishaje?

Tena mchoro ni mmoja, ilhali bamba moja huzaa chapa nyingi, wala si lazima zifanane. Picha zake za magereza ya kubuni zilitoka mwaka 1750 hivi zikiwa 14. Mwaka 1761 aliyarudia mabamba yaleyale, akayatia giza na ngazi zaidi, akaongeza mawili. Jaribuni kulieleza hilo kwa neno "mchoro" pekee, mtaona sentensi inavyojikwaa. Semeni "bamba lilelile, chapa mbili tofauti", na jambo limeeleweka.

Kwa kuwa "chapa" peke yake yaweza kudhaniwa kuwa alama ya biashara, katika kichwa cha maonyesho ningeandika "picha za chapa". Upatanisho wake ni "chapa hii imepigwa, chapa hizi zimepigwa", "machapa" msiyaandike. Chini ya kila picha yatosha kusema: "Mandhari ya Roma. Picha ya chapa. Bamba la shaba lililochorwa kwa sindano na tindikali."