Roger II alivyopata taji la Sicilia
Umeuliza Roger II, mwana mdogo wa mtawala ambaye hakuwa mfalme, alipataje taji. Alirithi Sicilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, mwaka 1105 akiwa na miaka 9, baada ya kaka yake Simon kufariki, na mama yao, Adelaide, ndiye aliyeshika hatamu za utawala hadi mwaka 1112. Mapapa wawili walipogombania kiti mwaka 1130, Roger alimuunga mkono mmoja wao, Anacletus II, naye akamruhusu kuvikwa taji mjini Palermo siku ya Krismasi. Papa wa pili, Innocent II, alimtambua Roger kuwa mfalme mwaka 1139 tu, baada ya papa huyo kutekwa vitani. Linalonivutia mno ni joho jekundu la Roger lenye simba wanaowaangusha ngamia, ambalo pindo lake limetariziwa maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 528 wa Hijria.