Mkuu, weka chini hilo gunia la samadi

Simama hapo hapo. Umesema maji ya bwawa lako la samaki yamekuwa kijani kibichi, na muuzaji wa vifaranga vya samaki amekushauri uongeze samadi ya kuku "yakolee" ili sato wanenepe. Huyo atakuwa ndugu wa yule aliyenishauri mimi.

Mimi nilimwaga. Maji yakawa mazito, nikizamisha mkono kiganja kinapotea kabla maji hayajafika nusu ya kigasha. Jamaa akaja saa nane mchana, jua linawaka, akaona samaki wanavyogombania chakula, akasema "safi kabisa", akapokea nauli yake akaondoka. Kesho yake mawingu yakatanda kutwa. Alfajiri iliyofuata nakuta matumbo meupe yametapakaa bwawa zima. Waliosalia wamejibana kwenye bomba la kuingizia maji, midomo juu, wanatweta. Paka wa mtaa wetu mpaka leo wananiamkia shikamoo.

Hakuna aliyeniroga, walikosa pumzi. Maji yanayeyusha chumvi na sukari kwa urahisi kwa sababu molekuli yake ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Oksijeni wanayovuta samaki haina pande hizo, kwa hiyo maji huibeba kidogo sana, na yakipata joto huibeba kidogo zaidi: kwenye nyuzi 20 hushiba kwa miligramu 9 hivi kwa lita, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5 tu. Na huku Pwani unajua bwawa linavyochemka.

Mchana mwani, ule ukijani unaokuzwa na samadi, unatengeneza oksijeni, ndiyo maana yule bwana aliona mambo shwari. Jua likizama, mwani huo huo unaacha kuitengeneza, unabaki kuivuta tu, bakteria wanaoozesha samadi nao wanavuta, samaki nao. Siku ya mawingu akiba yenyewe ilikuwa ndogo tangu jioni.

Kwa hiyo bwawa la sato hukaguliwa ALFAJIRI, kabla jua halijatoka. Anayekagua saa nane mchana amefuata nauli. Yule wangu kumbe anafuga kambare, samaki anayeweza kupanda juu kuvuta hewa, halafu anajiita mtaalamu wa sato!

Ukikuta wanatweta, simamisha samadi na chakula, ingiza maji mapya yakidondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

 Wewe niambie, kesho saa kumi na moja utakuwa bwawani au kitandani?