Kompyuta 8, wanafunzi 64, intaneti hamna

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari moja huku Urambo, Tabora. Tulipewa kompyuta 8, zimefungiwa kwenye chumba na mkuu anaogopa zitaharibika, wanafunzi wakiingia ni kuandika majina yao tu basi. Kidato cha pili kina watu 64, intaneti hamna, umeme nao unakatika katika. Nizitumieje kufundishia?

JIBU: Marahaba mwalimu, pole na hongera kwa kutokata tamaa, maana wengi wakishaona intaneti hamna wanaziacha hivyo hivyo mpaka zinazeeka.

Intaneti unaihitaji mara moja tu, siku ya kupakua. Ukienda Tabora mjini au sehemu yenye mtandao mzuri ingia tovuti ya PhET, ni mazoezi ya sayansi yanayoigiza majaribio kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, yalianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, na ni ya bure kabisa. Kila zoezi ni faili moja dogo, unaliweka kwenye flashi (iskani kwanza, virusi vya flashi ndo vinaua mashine za shule), ukifika shuleni unalifungua kwa Chrome au Firefox bila bando.

Sasa chukua lile la kuunga saketi za umeme. Gawa darasa, 32 waingie kwenye kompyuta wanne wanne, wengine wabaki na betri za tochi, waya na balbu za kweli halafu wabadilishane. Uliza swali moja tu: balbu mbili zimeungwa mfululizo, ukitoa moja ile nyingine itawaka au itazima, na zikiwa sambamba, yaani kila moja na njia yake ya umeme, je? Kila kikundi waandike jibu na sababu kwenye daftari KABLA hawajagusa mausi. Hapo ndo somo lilipo mwalimu, mtoto akishaandika "itawaka" alafu anaona zote zimezima anaanza kubishana na wenzake, na wakibishana wanafikiri, ila ukiwaachia wabonyeze bonyeze tu wataona rangi zinatembea na watatoka kama walivyoingia. Na anayeshika mausi abadilike kila swali, bila hivyo yule mjanja mmoja ataing'ang'ania kipindi kizima na mara nyingi wasichana ndo wanabaki watazamaji.

Ukizoea weka Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti, nayo bure, kompyuta moja inabeba video na mazoezi na zile nyingine zinavuta kwake kupitia ruta, bando halihitajiki.

Umeme ukikatika wale wa betri za tochi wanaendelea, ndo maana nimekwambia ugawe darasa. Mkuu mwalike aje akae kipindi kizima aone wanavyozishika, na chagua wanafunzi wanne wa kuzifuta vumbi na kuzifunika wakimaliza. Kuhusu kuharibika, kwa maoni yangu kompyuta iliyofungiwa stoo haimsaidii mtoto yeyote.

Ukikwama kwenye kupakua niandikie tena, nitajie mashine zina Windows gani na ramu (RAM, kumbukumbu ya kompyuta) kiasi gani.