Saa mbili si "two o'clock": kwa wanafunzi wangu wa uuguzi

Jumatatu usiku nilipata ujumbe kutoka Pemba. Aliyeuandika nilimfundisha, sasa yumo kazini. "Assalamu alaykum mwalimu. Leo nimempigia simu daktari, mgeni, kumweleza hali ya mgonjwa wangu. Nikaanza tangu siku aliyolazwa. Akanikatiza: what do you want? Nikanyamaza, mwalimu. Ninachotaka nakijua, maneno ndiyo hayakuja. Nikakata simu. Nimelia."

Niliusoma mara tatu. Haujibiki kwa mistari miwili, na najua hayuko peke yake. Nyinyi mnaonisoma wengi wenu mko vyuoni au mmeanza kazi juzi, na kila mmoja anataka siku moja asimame mbele ya daktari yeyote, wa hapa au wa nje, aseme na asikilizwe. Basi nianze na langu, ambalo nimekaa nalo muda mrefu.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa diploma, zamu ya usiku, wodi ya watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kitanda cha ukutani alilala mtoto wa miaka minne, homa imempanda mpaka macho mekundu, mama yake anamkanda kwa kitambaa cha maji. Saa mbili usiku nikampa parasetamo ya maji. Homa ikashuka, akalala. Alfajiri, adhana zinasikika, homa ikarudi. Akapita daktari mgeni, akaniuliza dawa ya mwisho amepewa lini. Nikajibu bila kusita: "Two o'clock, doctor." Na kwenye faili nilikuwa nimeandika hivyo hivyo, 2:00, kwa mkono wangu.

Mmeshaona. Sisi saa za usiku tunazihesabu tangu magharibi, yeye anazihesabu tangu usiku wa manane. Akapiga hesabu kwamba zimepita saa tatu tu, na dawa ile hurudiwa baada ya saa nne mpaka sita, akasema tungoje. Mtoto akangoja huku anaungua, ilhali zilikuwa zimepita saa tisa. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, ndipo sista wa wodi alipogundua. Mtoto akapewa dawa, akapona, alhamdulillahi. Lakini sista alinigeukia mbele ya watu: "Mwaka wa tatu, hata saa hujui kuisema?" Wenzangu wakacheka. Mama wa mtoto hakucheka. Alinitazama tu, kile kitambaa bado kimo mkononi.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilisomeshwa Kiingereza tangu skuli, nikapata alama nzuri, na hata siku moja hakuna aliyenikalisha chini akaniambia: wewe Mzanzibari unayesomea uuguzi, hapa ndipo utakapoteleza. Nilifundishwa kugeuza sentensi za nyakati zote. Kusema dawa imetolewa saa ngapi sikufundishwa.

Nikamaliza, nikafanya kazi, nikarudi kufundisha. Leo somo langu la kwanza kila mwaka ni saa. Kila mwanafunzi anasimama, namwambia "saa mbili usiku", anajibu "twenty hundred" na kuandika 20:00. Saa nane usiku, 02:00. Tunarudia mpaka mdomo unatoa jibu wenyewe. Saa ya mtindo wa saa 24 haibishaniwi na mtu, awe Mchina, Mcuba au wa Micheweni, Pemba.

Kisha tunaingia kwenye maneno yetu wenyewe yanayotuponza. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika ripoti ya mgonjwa wa kisukari: "wound on the left leg". Nikamwambia nionyeshe. Akaonyesha unyayo. Kwetu sisi kuanzia nyonga mpaka kidole ni mguu, tumemaliza. Kwa Kiingereza "leg" inaishia kwenye kifundo, chini yake ni "foot", na kidonda cha unyayo kwa mwenye kisukari ni habari nyingine kabisa. Mkono ni vivyo hivyo. Na "yeye" yetu haina mume wala mke, ndiyo maana mnamwita babu wa watu "she" na daktari anafungua faili la mgonjwa mwingine.

Au "nakuja". Tunaisema huku tunaondoka, na kila mtu kwetu anaelewa kwamba utarudi sasa hivi. Binti mmoja, kwenye kliniki ya pwani ya mashariki, alimwambia mtalii aliyeanguka na pikipiki "I am coming", akatoka nje. Yule mgonjwa akabaki anautazama mlango. Sema "I'll be back in five minutes", halafu rudi kweli baada ya dakika tano. Na "pole" si "sorry" kila pahala. Ukimchoma mtu sindano ukasema "sorry", anaweza kudhani umekosea. Mwambie "I know this hurts, it's nearly finished". Pole yako imo humo humo.

Sasa nirudi kwa binti yangu wa Pemba. Mwanangu, Kiingereza unacho. Ulichokosa ni mpango wa kusema, na mpango huo upo. Unaitwa SBAR. Asili yake ni wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi za nyuklia, pahala ambapo mtu wa chini lazima amwambie mkubwa wake jambo la hatari kwa sekunde chache. Kaiser Permanente, shirika la afya la huko huko Marekani, wakauingiza mahospitalini. Herufi nne: hali ilivyo sasa (Situation), historia kwa ufupi (Background), wewe unaonaje (Assessment), unataka nini (Recommendation). Wewe ulianza na historia, kama tunavyohadithiana nyumbani, salamu kwanza, kisha toka mwanzo, na jambo lenyewe linakuja mwisho. Kwenye simu ya usiku jambo lenyewe linatangulia.

Msikilize huyu, anahofia pre-eclampsia, ile presha ya hatari ya ujauzito: "Doctor, I'm calling from maternity about the patient in bed six. Her blood pressure is 160 over 110. She is 36 weeks pregnant, with a severe headache since this morning. I am worried about pre-eclampsia. Please come and see her now." Imekwisha. Haifiki nusu dakika, na ile "what do you want?" imeshajibiwa kabla hajaiuliza.

Sentensi ziwe fupi kwa sababu nyingine pia. Madaktari wa Kichina kutoka Jiangsu wanakuja Zanzibar kwa makundi tangu 1964, hospitali ya Mnazi Mmoja huku Unguja na ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba. Kiingereza si lugha ya mama kwao wala kwetu. Ukirefusha, mnapotea wote wawili.

Najua pia wengi wenu mnaitazama Uingereza. Baraza la wauguzi la huko linakubali mtihani wa Kiingereza wa IELTS, au OET ambao ni wa watu wa afya. Kwenye OET unaandika barua ya mgonjwa kwa dakika 45 na unaigiza mazungumzo mara mbili, wewe ukiwa muuguzi na mwenzako mgonjwa. Mtihani wa kuzungumza hauokolewi na madaftari, jamani. Semeni kwa sauti. Semeni kwenye daladala mkiona haya mkiwa nyumbani, semeni mkifua, semeni mbele ya mwenzako. Kila siku, kwa sauti.

Na jambo hili nalisema kwa uchungu: acheni kuchekana. Mwenzako akisema "she" kwa mwanamume, msahihishe pembeni, taratibu. Anayechekwa hanyamazi siku hiyo tu. Atanyamaza usiku ambao presha ya mama mjamzito imepanda, kwa sababu anaogopa kicheko kuliko anavyoogopa hatari. Masista wakuu na walimu wenzangu, hili tunalijua. Tumelifanyiwa na tunalifanya. Mungu atatuuliza.

Binti yangu nimeshamjibu. Ijumaa baada ya sala nitampigia simu, mimi nitakuwa daktari aliyeamshwa usingizini. Atanipa mgonjwa wa kitanda namba sita, nami nitamkatiza kwa makusudi, kwa sauti ya ukali. Nimemwambia aandae karatasi yenye mistari minne, aiweke karibu na simu. Amenijibu kwamba ameshaiandika.